Mwandishi wa Ridhaa

Katika Kiswahili cha michezo, neno ridhaa lina mpaka unaofahamika: ngumi za ridhaa ni zile ambazo bondia hupigania medali na heshima ya klabu, jeshi au taifa lake, na ngumi za kulipwa ni zile ambazo hupanda ulingoni kwa mkataba na kwa fedha. Nje ya ulingo neno hilohilo lina kazi nyingine, kwa kuwa daktari huomba ridhaa ya mgonjwa kabla ya upasuaji na mposaji huomba ridhaa ya wazazi, na katika matumizi hayo yote kiini chake ni kukubali kwa hiari, bila kushurutishwa. Makala haya yanachunguza iwapo istilahi hiyo yafaa kuhamishiwa kwenye uandishi, yaani iwapo mtu anayeandika kuhusu ndege, nyota, mihuri ya posta au historia ya mtaa wake kwa sababu tu jambo hilo linamvutia aitwe mwandishi wa ridhaa, na, akishaitwa hivyo, ni kitu gani kinachoyafanya maandishi yake yastahili kusomwa na mtu asiye na mapenzi hayo.

Neno ambalo Kiswahili hulitafsiri kwa ridhaa ni la Kifaransa, amateur, ambalo Kiingereza nacho kililichukua, na asili yake ya mbali ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupenda. Kiarabu kilifuata njia hiyohiyo kwa neno hawi, linalotokana na mzizi wa mapenzi na matamanio ambao Kiswahili pia kinao katika neno hawaa, ingawa anayesemwa kwamba amefuata hawaa za nafsi yake huwa hasifiwi. Kiswahili, kwa hiyo, kiliyaacha mapenzi kikashika hiari, na uchaguzi huo una faida yake. Katika Uingereza ya karne ya 19 neno la mapenzi lilikuwa limekwisha kugeuzwa uzio wa kitabaka, kiasi kwamba kanuni za mashindano ya makasia ya Henley za mwaka 1879 zilikataa kumhesabu fundi au kibarua kuwa mchezaji wa ridhaa, hata kama hakuwahi kupokea senti moja kwa kupiga makasia. Uzio huo haukuvuka bahari pamoja na tafsiri.

Faida ya pili ni kubwa zaidi. Kiingereza hutumia neno hilo moja kwa mtu asiyelipwa na pia kwa kazi mbovu, na mkanganyiko huo umewaponza wengi, wakiwamo wanaodhani kwamba kutolipwa ni dalili ya kutojua. Kiswahili kimeweka maneno mengine kabisa kwa ajili ya ubovu: ipo kazi ya kulipua, yupo fundi uchwara, na Tanzania mtu anayejipachika uandishi wa habari bila sifa zake huitwa kanjanja. Kanjanja aweza kulipwa vizuri sana.

Istilahi nyingine inayogombea nafasi hiyo ni uraibu, ambayo kamusi huitoa kuwa tafsiri ya shughuli anayoifanya mtu kwa kujiburudisha wakati wa mapumziko. Katika Kiswahili cha pwani uraibu ulikuwa vitu vya kutafuna, yaani tambuu na popoo pamoja na chokaa yake na tumbaku, vinavyotiwa kinywani kwa mazoea na starehe na si kwa njaa, na kutoka hapo maana ikapanuliwa hadi kwenye jambo lolote ambalo nafsi hulirudia. Ni neno zuri, kwa kuwa linabeba kile ambacho ridhaa haikigusi: hali ya mtu kuvutwa tena na tena na jambo lilelile hata pale ambapo hakuna anayemtazama. Hata hivyo, miaka ya karibuni limetwaliwa na sekta ya afya, na msomaji wa leo anaposikia mraibu hufikiri kwanza juu ya dawa za kulevya, kwa hiyo mwandishi wa habari za vipepeo hatafurahi sana kuitwa hivyo. Maneno mpenzi, shabiki na mkereketwa yana kasoro zake: mpenzi aweza kuridhika na kutazama tu, shabiki amekwisha kuchagua upande, na mkereketwa ananuka siasa.

Baada ya istilahi ni haki kuuliza juu ya kitu chenyewe, na mfano ulio wazi kuliko yote ni Gilbert White, kasisi wa Kanisa la Anglikana aliyezaliwa mwaka 1720 na kufariki mwaka 1793 katika kijiji cha Selborne, kusini mwa Uingereza. Hakuna aliyemwajiri kuchunguza ndege. Alianza na shajara ya bustani mwaka 1751, yaani daftari la kuandika kila siku alichopanda, kilichoota na hali ya hewa ilivyokuwa, na kuanzia mwaka 1768 akahamia kwenye daftari lililochapwa likiwa na safu za joto, mvua, upepo, mimea na wanyama. Kitabu chake cha mwaka 1789 kimeundwa kwa barua alizowaandikia wapenzi wenzake wawili wa elimu ya viumbe, Thomas Pennant na Daines Barrington, na baadhi ya barua hizo hazikupata kutumwa popote, zilitungwa ili kukamilisha kitabu. Hata hivyo umbo la barua lilimfaa, kwa sababu barua huruhusu jambo dogo lisimame peke yake bila kulazimishwa kuingia katika nadharia.

Udogo wa mambo hayo ndio unaostaajabisha. White alitambua kwamba ndege wadogo wa rangi ya kijani na manjano, ambao wengi waliwachukulia kuwa wa aina moja, walikuwa wa aina tatu, na alifika hapo kwa kusikiliza milio yao na kisha kulinganisha vipimo vya miili yao. Alipochunguza panya wadogo wa mashamba ya ngano, aliwaweka wawili kwenye mizani akakuta kwamba wanalingana kwa uzito na sarafu moja ya shaba ya nusu peni, karibu theluthi ya wakia. Alitaka kujua kama nyuki husikia, akawapigia kelele kwa baragumu la kusemea karibu kabisa na mzinga, wao wakaendelea na kazi zao. Mwaka 1777 aliandika kwamba minyoo ya ardhini, ambayo wakulima waliidharau, ndiyo inayotoboa na kulegeza udongo ili maji na mizizi ipenye, zaidi ya miaka 100 kabla ya Charles Darwin kutoa kitabu kizima juu ya minyoo hiyo mwaka 1881.

Msomaji asiyejali ndege hata kidogo huendelea kusoma, na sababu haiko katika mapenzi ya White, kwa kuwa mapenzi hayo hayatangazwi popote kwa sauti kubwa. Sababu ni kwamba kila dai limefungwa kwa tarehe, mahali na kipimo, hivyo msomaji amepewa uwezo wa kubisha. Tawi la elimu linaloitwa fenolojia, yaani uchunguzi wa nyakati ambazo mimea huchanua na ndege huhama mwaka hadi mwaka, linategemea madaftari ya namna hii, na kwa sasa wachunguzi wa mabadiliko ya tabianchi huyarudia yale ya karne zilizopita, hasa yaliyowekwa na watu ambao hawakuwa na wazo lolote kwamba yangekuja kutumika hivyo.

White alikosea pia, na namna alivyokosea inafundisha zaidi kuliko pale alipopatia. Hakuweza kuamua iwapo mbayuwayu huhama wakati wa baridi au hujificha mahali wakalala hadi majira ya joto, na ingawa ndugu yake John, aliyekuwa kasisi Gibraltar, alimpa habari za ndege wanaovuka mlango wa bahari kwenda na kurudi Afrika, yeye aliendelea kushuku kwamba baadhi yao hubaki. Aliandika shaka hiyo wazi, pamoja na siku ambazo mbayuwayu walionekana wakiwa wamechelewa isivyo kawaida. Shaka ilikuja kuondolewa na mtu mwingine wa ridhaa: mwezi Mei 1911 wakili John Masefield, ambaye si yule mshairi mwenye jina hilo, alimvisha mbayuwayu pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza, na tarehe 23 Desemba 1912 ndege huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini. Wakazi wa Afrika Mashariki, ambao huwaona mbayuwayu wa aina hiyo wakijipanga kwenye nyaya za umeme kuanzia mwezi Septemba au Oktoba na kutoweka ifikapo Aprili, walikuwa na nusu ya jibu miaka yote hiyo, ila hakuna aliyewauliza.

Suala la malipo lenyewe halina uzito unaodhaniwa. William Herschel alikuwa mwanamuziki mjini Bath, Uingereza, akipiga kinanda kanisani na kufundisha wanafunzi, alipoandika usiku wa tarehe 13 Machi 1781 kwamba ameona kitu ambacho ama ni nyota yenye ukungu ama ni nyotamkia. Hakikuwa chochote kati ya hivyo viwili. Kilikuwa sayari, ile inayoitwa Uranusi, na mwaka uliofuata mfalme alimpa posho ya pauni 200 kwa mwaka, ikawa ndio mwisho wa uridhaa wake. Ajabu ni kwamba John Flamsteed, mwanafalaki wa kifalme aliyekuwa akilipwa, alikuwa amekwisha kuiona sayari hiyo mwaka 1690 na kuiandika katika orodha yake kuwa nyota ya kawaida. Kumbukumbu zao zote mbili zilitumiwa baadaye katika kukokotoa njia ya sayari hiyo, kwa maana tafsiri zao zilikuwa na makosa lakini mahali na wakati viliandikwa sawasawa. Ikumbukwe tu kwamba White naye hakuwa akiishi kwa hewa: alikuwa na mapato kutoka Chuo cha Oriel, Oxford, na hiari isiyo na mkate haidumu miaka 40.

Kipimo hichohicho chafaa kwa maandishi yaliyo karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili. Jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1936, lilijazwa kwa sehemu kubwa na maofisa wa utawala, walimu, wamisionari na madaktari walioandika nje ya majukumu yao, wengi wao wageni waliokuja na ukoloni na macho ya kikoloni. Nadharia zao kuhusu asili ya makabila na ngazi za ustaarabu zimechakaa kiasi cha kuaibisha, na hazisomwi tena ila na wanaochunguza fikra za wakati huo. Lakini pale ambapo mwandishi aliacha kutunga nadharia akapima ukuta wa gofu, akaandika jina la mmea kama alivyoambiwa na wenyeji, au akaeleza hatua kwa hatua namna kitu kilivyotengenezwa, ukurasa wake bado una kazi, hata kama jina la mwenyeji aliyemweleza yote hayo mara nyingi halikutajwa, na hilo ni pengo ambalo thamani ya kipimo hailizibi.

Kwa upande mwingine, yapo maandishi mengi ya wapenzi wa mambo ambayo hayafai kusomwa, na ubovu wake ni wa namna mbili tu zinazostahili kutajwa. Ya kwanza hueleza jinsi mwandishi anavyolipenda jambo lake bila kulionyesha jambo lenyewe, hivyo anayesoma huambulia habari za mwandishi. Ya pili hunakili yaliyomo katika vitabu vinavyojulikana, yakikosa lile ambalo ni mtu wa ridhaa pekee anayeweza kulitoa, yaani kile alichokiona mwenyewe mahali alipo, mara nyingi na kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuna mwajiri aliyemhimiza amalize.

Kwa misingi hiyo, ridhaa ndiyo istilahi inayofaa zaidi, uraibu ukiachwa kwa ajili ya mvuto wenyewe pale muktadha unaporuhusu. Fasili yake katika kamusi ingepaswa kusomeka kwamba mwandishi wa ridhaa ni mtu anayeandika juu ya jambo kwa hiari na kwa kulifuatilia mwenyewe, pasipo kuajiriwa kwa ajili ya jambo hilo. Na maneno “asiye na ujuzi”, ambayo mtunga kamusi anayefuata Kiingereza atashawishika kuyaongeza, yasiingizwe, kwa sababu mahali pake pameshashikwa na uchwara.