Kaya na Ahali katika Sensa: Mkokotoni na Kaskazini Unguja

Kuchora ramani ya kaya ni fani ya kuitwaa hesabu ya watu, iliyokusanywa nyumba kwa nyumba, na kuonyesha kwayo, shehia kwa shehia na wilaya kwa wilaya, ni nani aishiye na nani: mume na mkewe na wana wao, bibi na wajukuu, mjane peke yake, au jamaa wengi waliokusanyika chini ya dari moja. Mkokotoni, makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja na bandari ya kuvukia kisiwa cha Tumbatu, ni mahali panapoitia fani hiyo mtihanini, kwani ahali ya huko aghlabu imetawanyika katika nyumba kadhaa, nyingine zikiwa ng'ambo ya mlango wa bahari, na bado hujihesabu kuwa nyumba moja.

Watu wa Zanzibar walihesabiwa zama za himaya ya Kiingereza katika miaka ya 1910, 1924, 1931, 1948 na 1958, na baada ya Muungano katika 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Hesabu ya 1958 ilipata watu 299,111. Ya 2022 ilipata 1,889,773. Mkoa wa Kaskazini Unguja ulikuwa na watu 187,455 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye 257,290, na apitaye Nungwi na Kendwa, akaziona hoteli na vyumba vya kupanga vya vijana waliokuja kutafuta kazi, hatakosa kuing'amua sababu mojawapo. Waandishi wa zama za ukoloni walishughulishwa mno na swali la kabila, na idadi za Wahadimu, Watumbatu, Washirazi na Waswahili zilipanda na kushuka baina ya sensa na sensa kuliko uzazi na mauti viwezavyo kueleza. Jambo hilo limpasa mtafiti alikumbuke kabla ya kuziweka hesabu za kale na za sasa katika ramani moja.

Kaya, kwa istilahi ya sensa ya Tanzania, ni mtu mmoja au watu kadhaa wakaao pamoja na kushirikiana mahitaji ya maisha, hasa chakula. Ndiyo maana karani makini, afikapo nyumba kubwa yenye milango mingi, huuliza kwanza ni wangapi walao chungu kimoja. Huandikwa mkuu wa kaya, kisha kila mmoja kwa uhusiano wake naye, pamoja na jinsia, umri na hali ya ndoa. Safu hiyo moja ya uhusiano ndiyo msingi wa elimu yote hii. Kwayo hupambanuliwa kaya ya mtu mmoja. Kaya ya mume na mke, au ya mzazi na wanawe. Kaya iliyoongezewa mzazi mzee, mjukuu au ndugu. Na kaya yenye ndoa mbili au zaidi. Mgawanyo huo ulienezwa katika miaka ya 1970 na Peter Laslett wa Cambridge na mwenziwe Eugene Hammel, kwa ajili ya kuchunguza hasa taarikhi ya Ulaya, na kwa Watumbatu ni kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Chukua mfano wa mvuvi mwenye wake wawili, mmoja Mkokotoni na mmoja Jongowe kisiwani Tumbatu, kila mke na nyumba yake na jiko lake, kama desturi na sharia zinavyotaka. Sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku uliowekwa, nao ulikuwa wa kuamkia 26 Agosti mwaka 2012, na wa kuamkia 23 Agosti mwaka 2022. Basi zamu ikiwa ya Jongowe, nyumba ya huko huandikwa kaya ya mume na mke, na ile ya Mkokotoni yamkini ikaandikwa kaya iongozwayo na mwanamke, ijapokuwa kitoweo na posho zake zatoka kwa mume yule yule. Zamu ikigeuka, na ramani nayo hugeuka. Halikadhalika wanaume waliokwenda dago wakapiga kambi ya uvuvi mbali na kwao huhesabiwa kambini, na nyumba zao huonekana za wanawake na watoto tu.

Mambo ya watoto ni mazito zaidi. Mtoto aliyepelekwa kulelewa na bibi yake, au kwa shangazi ili awe karibu na skuli, huingia jedwalini kama mjukuu au katika fungu la ndugu wengineo, fungu lililowameza pamoja mpwa, mtoto wa ami na mama mdogo. Sensa za 2002 na 2012 zilifaa sana kwa kuuliza kama wazazi wa mtoto wa hai, maana bila ya swali hilo yatima na mwana wa kulelewa hawapambanuliki. Mwanamke naye akipewa talaka na kurejea kwao na wanawe, kaya ya wazee wawili huwa ya vizazi vitatu kwa siku moja.

Kwa hiyo wastani, upendwao na wenye haraka, hauelezi mengi. Mwaka 2012 kaya ya Zanzibar ilikuwa na wastani wa watu 5.1, lakini watano hao waweza kuwa mume, mke na wana watatu, au bibi, binti aliyeachika na wajukuu watatu. Mradi wa IPUMS wa Chuo Kikuu cha Minnesota umehifadhi sampuli za sensa za Tanzania za 1988, 2002 na 2012, majina yakiwa yameondolewa, na programu yake humtafutia kila mtu mama, baba na mwenzi wake kwa kulinganisha umri na hali ya ndoa. Lakini haivuki kizingiti cha nyumba, sembuse bahari ya Tumbatu.

Sensa ijayo, kwa kawaida ya miaka kumi, itaangukia 2032. Wenye kutunga dodoso wangefanya jambo la maana kuongeza maswali mawili: mume au mke asiyelala hapa yu wapi, na mama wa mtoto huyu anakaa shehia gani.