Steve Tikolo: Nahodha aliyeifikisha Kenya nusu fainali, kisha akawafundisha majirani

Hapa Katavi ukiuliza kuhusu mpira, watu wanakujibu Simba na Yanga. Kriketi wengi wetu tunaisikia tu kwenye habari za michezo, tena kwa kupita. Lakini Afrika Mashariki imewahi kutoa timu iliyocheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la mchezo huo. Timu hiyo ni Kenya, mwaka 2003, na nahodha wake alikuwa Steve Tikolo. Makala hii inaeleza alikotoka, alikofika, na kwa nini baadaye alishika kazi ya ukocha.

Kriketi inachezwaje?

Timu mbili zina wachezaji 11 kila moja. Moja inapiga, nyingine inatupa mpira na kuudaka. Mpigaji anashika gongo la mbao na kulinda vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake, vinavyoitwa wiketi. Akipiga mpira, anakimbia kubadilishana nafasi na mwenzake aliye upande wa pili, na kila wakipishana salama wanapata mkimbio mmoja. Mpira ukiangusha vijiti, au ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, mpigaji anatoka. Timu yenye mikimbio mingi ndiyo mshindi.

Kijana wa Nairobi

Tikolo alizaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1971. Kriketi ilikuwa mchezo wa nyumbani kwao, kwani kaka zake Tom na David nao waliichezea Kenya.

Dunia ilimfahamu mwaka 1996, Kenya ilipocheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza ikiwa taifa linalojitegemea. Kabla ya hapo, mwaka 1975, wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walikwenda Uingereza kama timu moja ya Afrika Mashariki.

Katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya India, Tikolo alipata mikimbio 65. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, Kenya ilikutana na West Indies, timu iliyowahi kutwaa kombe hilo mara mbili. Kenya ilipata mikimbio 166 tu, na Tikolo ndiye mpigaji wake aliyepata mingi zaidi, 29. Wengi waliona mechi imekwisha. West Indies walipoingia kupiga, wote walitolewa kwa 93, na nyota wao Brian Lara aliondoka na 8. Siku chache baadaye Tikolo alipata 96 dhidi ya Sri Lanka, timu iliyotwaa ubingwa mwaka huo.

Mwaka wa maajabu, 2003

Tikolo alikuwa nahodha wakati Kombe la Dunia la 2003 lilipochezwa Afrika Kusini, huku baadhi ya mechi zikipangwa Zimbabwe na Kenya. New Zealand walikataa kwenda Nairobi kwa kuhofia usalama, hivyo Kenya ikapewa pointi. Wapo waliosema Kenya ilibebwa na pointi hizo. Lakini tarehe 24 Februari, Nairobi, Kenya iliifunga Sri Lanka kwa tofauti ya mikimbio 53, na Collins Obuya akawatoa wapigaji watano. Kenya ilizifunga pia Canada, Bangladesh na Zimbabwe.

Nusu fainali ilichezwa Durban tarehe 20 Machi dhidi ya India. India ilipata 270, Kenya ikaishia 179. Tikolo alipambana hadi 56, lakini hayakutosha.

Kilichofuata

Baada ya hapo ungetegemea Kenya ipande zaidi. Haikuwa hivyo. Mataifa makubwa hayakuipa mechi za kutosha, na timu isiyocheza na wakubwa haiwezi kukua. Ndani ya nchi, wachezaji na viongozi waligombana kuhusu malipo hadi wachezaji wakagoma. Mwaka 2005 chama cha kriketi kilivunjwa na kingine kikaundwa. Waliokuwa mashujaa walizeeka, na vijana wa kuchukua nafasi zao hawakuwa wameandaliwa vya kutosha.

Tikolo alicheza Kombe lake la tano mwaka 2011, kisha akastaafu. Alikuwa amecheza zaidi ya mechi 130 za kimataifa za siku moja na kupata mikimbio zaidi ya 3,000. Hata hivyo alirudi kuisaidia timu akiwa na miaka zaidi ya 40. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja.

Kazi ya ukocha

Tikolo alikwenda kufundisha Uganda. Mwaka 2017 timu hiyo ilishuka daraja katika mashindano yaliyofanyika nyumbani kwao. Mwaka uliofuata, Tikolo akiwa kocha na Roger Mukasa akiwa nahodha, Uganda ilikwenda Malaysia, ikatwaa ubingwa wa daraja la nne na kupanda tena.

Tikolo aliondoka kabla Uganda haijafika mbali zaidi. Lakini Juni 2024 Uganda ilicheza Kombe lake la kwanza la Dunia la kriketi fupi, ikaifunga Papua New Guinea, na Mukasa alikuwa bado kikosini. Kenya haikuwepo.

Linatuhusu nini?

Mwaka 2025 vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia la umri wao la 2026, lililopangwa Zimbabwe na Namibia. Ni furaha kubwa, lakini Kenya inatukumbusha kwamba kufika si kudumu. Kizazi kimoja hodari kikiondoka bila kuacha wanaofuata, hubaki picha ukutani.

Hata kwenye viwanja vyetu, kutoka Karema hadi Inyonga, wapo wachezaji wa zamani wa soka au mpira wa pete ambao siku hizi hukaa pembeni kutazama tu. Ukiwa mmoja wao, watoto hawahitaji uwe na jina kubwa. Wanahitaji ufike uwanjani jioni na uwaoneshe unachokijua.