Jino Safi Lisilo Twahara

Kipande cha resini kilichoundwa kwenye jino lililovunjika pembe kikibanduka mapema, mgonjwa huilaumu gundi. Daktari huenda akataja "uchafuzi". Mgonjwa hukereka, maana alipiga mswaki kabla ya kutoka nyumbani.

Nao wote wawili wanasema kweli. Kiswahili kina jozi mbili zisizolingana: safi na chafu, twahara na najisi. Kanzu nyeupe iliyodondokewa na tone la mkojo lisiloonekana ni safi machoni pa watu, lakini haifai kuswalia. Iliyorukiwa na tope inafaa. Twahara hupimwa kwa jambo linalokusudiwa, na gundi nayo hulipima jino vivyo hivyo.

Mwaka 1955 Michael Buonocore, daktari wa meno wa Marekani, aliripoti kwamba enameli, gamba gumu la nje la jino, ikipakwa asidi ya fosforiki ya asilimia 85 kwa sekunde 30, resini hushika vizuri zaidi. Wazo alilitoa viwandani, ambako asidi hiyo ilitumika kutayarisha chuma kabla ya kupakwa rangi. Asidi, siku hizi ya asilimia 37 hivi, hula madini na kuacha vishimo vidogo mno. Resini hupenya humo, ikagandishwa kwa mwanga. Ndiyo maana nasema "kushika". Kunata ni kazi ya asali. (Jina la kushika huko lingekuwa "mshiko", lakini mitaani mshiko umekwisha kuwa fedha.)

Sasa mate. Yakigusa enameli iliyokwisha kuliwa na asidi, protini zake huviziba vile vishimo katika sekunde chache. Kusuuza kwa maji hakutoshi. Asidi hupakwa upya. Damu ina madhara makubwa zaidi. Shuka la mpira linalolitenga jino na mate lilibuniwa na Sanford Barnum wa New York mwaka 1864, naye alikuwa akihangaika na dhahabu ya kuzibia, gundi hizi hazijaotwa hata ndotoni.

Mate hayo hata fiqhi haiyaiti najisi, sembuse mimi. Kwa kile yanachoacha juu ya jino napendelea "utando", neno linalojulikana na kila aliyechemsha maziwa.

Lakini kwenye taji la zirkonia, yaani kofia ya jino ya kauri ngumu, neno "utando" nalo halitoshi. Taji likijaribishwa mdomoni, fosfeti za mate hujishikiza juu yake. Daktari akilisafisha kwa asidi ya fosforiki, ileile iliyoifaa enameli, anaongeza fosfeti juu ya fosfeti, nazo hukalia nafasi ambazo molekuli za gundi, zenye kundi la fosfeti pia, zilikuwa zishike. Taji linameremeta, na aliyelichafua ni msafishaji. Zirkonia hupulizwa chembe laini za alumina baada ya kujaribishwa, na asidi huachwa kwenye bomba lake.