Keki Iliyofunikwa Barafu

Katika zoezi la tafsiri la muhula uliopita, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliandika kuwa bibi harusi "alikata keki iliyofunikwa barafu." Darasa lilicheka, nami nikamkata alama mbili. Waokaji wetu hapa Uganda husema aisingi, na wateja wao huelewana nao vizuri tu. Nilipofuatilia historia ya kitu chenyewe, hata hivyo, niligundua kuwa nilifanya haraka.

Waingereza wa karne ya 17 waliipaka keki ute wa yai uliopigwa pamoja na sukari, kisha wakairudisha tanurini ikauke. Ilitoka nyeupe, ngumu, yenye kung'aa mithili ya barafu, na jina la Kiingereza likatokana na sura hiyo. Shida ilikuwa sukari yenyewe. Iliuzwa ikiwa mabonge magumu yenye umbo la pia, hivyo ilibidi itwangwe na kuchekechwa mpaka iwe kama unga. Ikibaki na chembe, keki hukwaruza kama ukuta usiopigwa lipu. Ajabu ni kwamba neno letu sukari, lililotufikia kupitia Kiarabu, lina chimbuko katika neno la Kisanskriti lenye maana ya changarawe!

Mwaka 1769 Elizabeth Raffald, mfanyabiashara wa Manchester aliyewahi kuwa msimamizi wa nyumba ya kabaila, alichapisha kitabu cha mapishi chenye maelezo ya keki ya harusi. Sukari safi paundi 2 na wanga kidogo vichekechwe. Ute wa mayai 5 upigwe nusu saa. Sukari iongezwe kidogo kidogo. Mchanganyiko upigwe nusu saa nyingine, ndipo usawazishwe kwa kisu. Chini yake lilitangulia tabaka la lozi zilizopondwa. Naona siri iko hapo: tabaka hilo huzuia makombo yasipande kwenye weupe wa juu. Waokaji wa leo wanaotumia siagi hupaka kwanza tabaka jembamba na kuliacha ligande, kwa sababu ileile.

Weupe huo ulikuwa pia kipimo cha mfuko. Sukari ya Raffald ilikuwa bidhaa ya anasa, na sehemu kubwa ya sukari ya Uingereza wakati ule ilizalishwa na watumwa katika visiwa vya Karibi. Keki ya harusi ya Malkia Victoria, mwaka 1840, ilikuwa na uzito wa paundi zipatazo 300. Miaka 100 baadaye, Agosti 1940, sukari ilipoadimika kwa ajili ya vita, serikali ya Uingereza ilipiga marufuku kupaka sukari juu ya keki. Maharusi wakawa wanafunika vikeki vyao kwa makasha ya kadibodi yaliyopambwa yakafanana na keki ya kweli.

Mwanafunzi wangu hakuyajua haya. Alifuata neno tu. Bado barafu haifai, kwani msomaji wa Kiswahili atadhani keki imetolewa kwenye friji. Mimi ningeandika "keki iliyopakwa sukari nyeupe." Lakini alama moja nimemrudishia.