Vita vya Mezani

Wapo watu wazima, wenye akili timamu na kazi zao, ambao jioni hutandika kitambaa mezani, wakapanga vilima vya mbao na visanamu vya askari vyenye urefu wa kidole, wakapigana vita. Mchezo huo una historia ndefu. Mwaka 1824 afisa mmoja wa Prussia, Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wake vita vya ramani, vibao na dadu, navyo vikakubaliwa kuwa mafunzo ya jeshi. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells akatoa kitabu, Little Wars, kilichovileta vita hivyo sebuleni. Alisema vita vidogo ni bora kuliko vikubwa. Mwaka uliofuata vile vikubwa vikaanza.

Vilifika hata kwetu. Juni 1916 Waingereza waliwapokonya Wajerumani kisiwa cha Ukerewe, na Julai wakaingia Mwanza.

Baadhi ya michezo ya mezani huchagua zama hizo za ukoloni, lakini katika nchi ya kubuni: ziwa la kutungwa, boma la kutungwa, chifu wa jina la kutungwa. Ukitazama kutoka hapa Igoma, unaona faida ya ubunifu huo kwa mchezaji. Nchi isiyokuwapo haina wajukuu wa kuuliza maswali.

Wala tusidai kwamba kucheza vita ni jambo la Wazungu peke yao. Wazee wetu walikuwa na ngoma ya beni. Marini na Arinoti walishindana kwa gwaride, sare na vyeo vya kijeshi. Lakini wengi wa wachezaji wale waliijua amri ya kizungu kwa kuipokea wao wenyewe, na walipoiigiza waliweza pia kuicheka.

Ninachokitafuta mezani nisikione ni mpagazi. Upande wa Waingereza peke yake uliwatumia wapagazi wa Kiafrika wapatao milioni moja katika vita ile ya Afrika Mashariki, na zaidi ya 90,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu. Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi. Mezani tembo wamepakwa rangi vizuri. Nyasi ni kitambaa tu.

Hapa Igoma yapo makaburi ya watu waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Wamo ambao hawakutambuliwa, hata hivyo walipewa mahali pa kulala, na watu huenda kuwakumbuka. Mpagazi aliyeanguka porini mwaka 1916 mara nyingi hakupata hata hilo.

Simkatazi mtu mchezo wake. Ila anayetaka kuicheza vita yetu, hata kwa majina ya kubuni, aiweke pia mezani safu ndefu ya watu wenye mizigo kichwani, na kila zamu awahesabu waliobaki.