Mpeleka Barua Aliyeupanga Upya Upolisi wa Berkeley

Mwaka 1904 behewa la mizigo lilichomoka na kuporomoka kuelekea kituo cha reli cha Berkeley, mji mdogo wa California unaotazamana na San Francisco ng'ambo ya ghuba. Mbele yake kulikuwa na treni ya abiria. Mpeleka barua mmoja akalirukia, akakaza breki. Huyo ndiye August Vollmer, aliyekuwa amepigana Ufilipino. Mwaka uliofuata, mhariri wa gazeti la mji alimshawishi agombee ukuu wa polisi, wakati huo cheo cha kupigiwa kura. Akashinda.

Alikabidhiwa askari wachache wasio na mafunzo, na mji uliokuwa ukifurika watu. Mwaka 1900 Berkeley ilikuwa na wakazi 13,214. Tetemeko la 1906 lilipoibomoa San Francisco, wengi walikimbilia upande huu wa ghuba, na kufikia 1910 hesabu ilikuwa 40,434.

Vollmer aliwapa askari baiskeli ili lindo la kila mmoja liwe pana zaidi. Lakini askari akishatoka, kituo kitampataje? Redio za polisi hazikuwapo. Taa nyekundu zikatundikwa juu ya makutano ya barabara: zikiwashwa kutoka kituoni, askari anayeziona anakimbilia simu iliyo karibu na kuambiwa nani ameibiwa na wapi. Kufikia 1914 doria ilikuwa inafanywa kwa magari.

Vifaa hivyo vilimpa sifa, ila jambo kubwa zaidi lilikuwa mgawanyo wa kazi. Askari wa Berkeley alimiliki lindo lake. Yeye ndiye aliyezunguka usiku, akapokea malalamiko, akafuatilia wizi wa mtaa huo na kuwajua watoto walioanza kuharibika. Hakuweza kusema kwamba kesi ni ya idara nyingine. Ijumaa walikutana, wakaambiana makosa uso kwa uso, na mkuu naye hakusazwa.

Kazi ya namna hiyo ilidai mtu aliyesoma. Mwaka 1908 Vollmer alianzisha shule ya polisi, na baadaye akawa anaajiri wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, kilichokuwa hapo hapo mjini. Walifundishwa sheria ya ushahidi, alama za vidole na huduma ya kwanza. Kumpiga mtuhumiwa ili akiri kulikuwa marufuku, katika enzi ambayo vituo vingi vya Marekani viliona kipigo ni sehemu ya upelelezi. Kwa agizo hilo peke yake anastahili kukumbukwa.

Haina maana kwamba kila alichokigusa kilikuwa chema. Alivutiwa na nadharia za wakati wake zilizofungamanisha uhalifu na maumbile ya mtu, nadharia zilizowaumiza wengi. Na mwaka 1921 askari wake John Larson, msomi mwenye shahada ya uzamivu, aliunda mashine ya kupima uongo. Mashine hiyo hupima msukumo wa damu na pumzi, na mtu mwaminifu mwenye hofu huweza kuonekana mwongo. Larson mwenyewe alikuja kuuchukia utumiaji wake.

Mwaka 1919 Vollmer alimwajiri Walter Gordon, askari wa kwanza mweusi wa Berkeley na nyota wa kandanda ya Kimarekani chuoni. Baadhi ya watu walipinga. Mkuu hakutikisika. Gordon alilinda mitaa usiku, na mchana akasoma sheria, akahitimu 1922.

Wengine waliotoka mikononi mwa Vollmer walisambaa nchini. O. W. Wilson, aliyejiunga 1921, aliongoza polisi wa Wichita, kisha mwaka 1960 akaitwa kuisafisha idara ya Chicago iliyochafuliwa na kashfa ya askari walioshirikiana na mwizi. Gordon naye, miongo mitatu na zaidi baada ya kuhitimu, aliteuliwa gavana wa Visiwa vya Virgin vya Marekani, halafu jaji wa mahakama ya shirikisho huko huko.