Historia ya Ampu Yetu ya Kwanza

Kitabu cha kumbukumbu za kwaya kinasema ampu yetu ya kwanza iliundwa vibaya. Sisi tuliokuwapo tunaomba kutumia yubilei hii kusahihisha maneno hayo.

Kabla ya ampu hiyo, sauti ya pili haikusikika nje ya mlango. Siku ya mavuno waumini walijaa hadi chini ya miti, wakaambulia soprano na ngoma tu. Kijana wetu mmoja wa besi, fundi wa redio, akaunda ampu ndani ya boksi la bati. Transfoma aliitoa kwenye mashine kuukuu. Ilikuwa na koili mbili za kuingizia stima, kila moja ya volti 120. Stima yetu ni volti 240, kwa hiyo koili zilipaswa kufuatana: mwisho wa ya kwanza uungwe na mwanzo wa ya pili. Nyaya zote nne zilikuwa za rangi moja, naye akafunga uzi mwekundu kwenye kila mwanzo.

Tuliitumia miaka kadhaa bila shida. Kisha tukaamua kuisafisha na kubadilisha waya wa stima, na mmoja wetu akazilegeza nyaya zote na kung'oa nyuzi, akidhani ni uchafu. Tulipowasha, fyuzi ikakatika. Tukaweka nyingine, nayo ikakatika. Mwenzetu akashauri tufunge waya mnene mahali pa fyuzi. Mama mmoja wa soprano alikataa katakata, na huenda ndiye aliyeokoa jengo lisiungue. Lakini lawama tulimtupia kijana, tena mbele ya kwaya nzima. Hakubishana. Jumapili iliyofuata hakuja.

Miezi ikapita ndipo tukamwita fundi mwingine. Kwanza alitenganisha nyaya zote zitokazo kwenye transfoma kwenda kwenye diodi, akaunga balbu ya wati 60 kwenye njia ya stima, akawasha. Balbu ikawaka kama ya sebuleni! Basi transista hazikuwa na hatia, maana hata hazikuwa zimeungwa. Akageuza ncha za koili moja tu, akawasha tena, balbu ikabaki karibu kuzima. Akatueleza kwamba koili zikipingana, nguvu ya sumaku ya moja inaifuta ya nyingine, na stima inapita bila kizuizi hadi fyuzi ikatike. Alipounga zile nyingine, mita ikasoma volti 25 kila upande, na baada ya diodi na kapasita kama 35. "Aliyeunda hii anajua kazi," akasema.

Jioni ileile tulikwenda wanne nyumbani kwa kijana kumwomba msamaha. Mama yake alitupa chai. Yeye alisema machache. Alirudi Pasaka iliyofuata, na kabla ya kumsalimia mtu alifungua boksi, akafunga nyuzi nyekundu upya. Bado zimo. Ampu iko leo juu ya meza karibu na mlango, na anayetaka kuitazama ndani amwite yeye kwanza. Ameketi safu ya nyuma, upande wa besi.